Masikio Elfu Mbili na Mia Tatu

Zhivko amepiga magoti chini ya meza yangu
kama mtu aliyeangusha pete,
tochi mdomoni, bisibisi nyuma ya sikio,
na feni ya kompyuta inakohoa vumbi la miaka kumi na mmoja.
"Hii naitengeneza," anasema. "Feni ni feni."

Nikashukuru. Mimi ni binti wa fundi.
Duka hili la vifaa vya usikivu, hapa Plovdiv,
baba alilijenga kwa kukataa kutupa.
Waya uliokatika aliuunga, skrubu alizitia kwenye makopo ya kahawa,
na siku alipofariki tulimkuta na betri tatu mfukoni,
za kujaribiwa tena kesho.

Mwaka juzi ilikufa diski, tukabadili.
Mwaka jana kioo, tukabadili.
Nikajiambia: ng'ombe anayekamuliwa hachinjwi.

Lakini Zhivko hatoki chini ya meza.
"Kuna kingine," anasema, "ambacho sina bisibisi yake.
Waliounda programu hii wameacha kuishonea viraka,
tangu Oktoba.
Kila tundu jipya litakalogunduliwa
litabaki wazi humu ndani,
na wanaolitafuta hawabishi hodi."

"Hicho kiraka hakiuzwi?"
"Hakiuzwi."
"Tukibadili nywila?"
"Utaweka kufuli jipya kwenye mlango usio na bawaba."

Nikafikiria paa la upande wa kaskazini,
ambalo fedha zake nimezihesabu mara mbili.
Nikamfikiria Stamen, muoka mikate wa jirani:
Alhamisi moja aliwasha kompyuta
akakuta barua moja tu, yenye adabu nyingi, ikitaja bei.
Oda za harusi, madeni ya watu, mishahara,
vyote vimefungwa kwa ufunguo usio wake.
Hadi leo huandika oda kwenye mifuko ya unga,
wala hasemi kama alilipa.

Yeye walimfungia mikate.
Mimi humu nina masikio elfu mbili na mia tatu:
Bi Tsvetana, ambaye ndege wamemtoka, ngurumo zimebaki;
mwalimu Ognyan, aliyeniomba mkewe asijue;
mtoto wa Rumyana, miezi minane, mstari wake
unaoshuka kwenye grafu kama ngazi ya kisimani.
Si mali yangu hizi. Nimewekewa tu.

Waliosema ziba ufa walisema kweli.
Hawakusema la kufanya
ukuta mzima unapokuwa ufa
ulioshikana kwa mazoea.

"Na hii je?" Nikamwonyesha mashine ya baba ya kupimia,
chuma cha kijivu, vitufe vilivyolika kwa vidole vyake.
Zhivko akaigonga kidogo, kama anayegonga tikiti maji.
"Hii haizungumzi na mtu. Haijui kama kuna mtandao.
Ihakikishwe vipimo kila mwaka,
kisha iache izeeke kwa amani."

Basi paa litavuja mwaka mmoja zaidi. Beseni lipo.

Jumamosi tuliitoboa ile diski ya zamani uani,
mara tatu, kwa keekee.
Mlio wake ulikuwa wa juu, mwembamba,
wa aina ambayo wateja wangu wengi wasingeusikia.
Kibodi nikaificha kwenye droo:
herufi A imefutika, ni kidole cha baba.
Haina kazi. Sikumwambia Zhivko.

Jumatatu, theluji ikiwa bado viatuni,
Bi Tsvetana akainama juu ya kaunta
akaitazama ile sanduku mpya kwa shaka.
"Nasikia mmehama. Sikio langu je?"

Nikabonyeza. Mstari wake ukatokea, uleule, mteremko uleule.
"Limehama salama."

"Eti?"

"LIMEHAMA SALAMA!"

Akatikisa kichwa, akavua glavu moja.
"Usipige kelele, mwanangu.
Mambo ya sikio langu yasisikike hadi barabarani."