Mabingwa wa Mtumba

Fulana niliinunua soko la Mpanga, shilingi elfu tano,
robota lilipofunguliwa na wanawake wakagombea mapazia.
Ya bluu. Kifuani: MABINGWA.
Miaka miwili niliivaa kwa maringo
hadi mtalii mmoja, kaja kununua mkate, akaangua kicheko:
ndugu yangu, hao mwaka ule walifungwa.
Kumbe huchapa fulana za pande zote mbili kabla ya fainali,
na za walioshindwa hukazwa kamba zikaletwa huku
ambako hakuna wa kuuliza.
Basi nikauliza mimi.

Ndivyo nilivyoanza.

Leo, saa nane na nusu usiku, Fort Portal imelala ndani ya ukungu,
mbwa wa Kisenyi wamechoka kubweka,
na sisi wa tanuri tuko macho kama kila usiku,
ila leo kuna televisheni juu ya magunia ya ngano.
Bluu kwa wekundu.
Apuuli, anayenikandia unga, ameshika wekundu
kwa sababu moja tu: mimi nimeshika bluu.

"Mbona hawachezi?"
Wanacheza.
"Mbona wamesimama?"
Wanapanga. Ni kama kuhamisha kabati nyumbani kwa mkwe:
maneno mengi, hatua mbili, halafu maneno tena.
Namweleza: majaribio manne, yadi kumi.
Ukizipata unaanza upya; ukizikosa, mpira wa mwenzio.
Na mpira wenyewe, utazame, si mkate wetu mdogo
kabla haujachanwa mgongo?
Hapo akaelewa. Hapo akaanza kupiga kelele kunishinda.

Saa kumi na moja. Wekundu ishirini na nne, bluu kumi na tatu.
Nakata donge, napima, nakata, sipimi tena.
Unga umetanda kwenye kioo; nafuta kwa aproni,
na kila nikifuta wekundu wamesogea.
Akiiki, mwenye duka, anapiga simu: mikate vipi?
Inaumuka, nikasema.

Kisha yule kijana, themanini na moja,
mwembamba, shingo ndefu kama korongo,
akauchuma mpira hewani katikati ya mikono sita
akaanguka nao ng'ambo ya mstari.
Ishirini na nne kwa ishirini.
Halafu, sijui niseme nini, mpira ukawaponyoka wekundu,
ukadunda vibaya, maana haukuumbwa kudunda,
huku, kule, kama kuku aliyekiona kisu,
na rundo la watu wazito likaulalia.
Nani anao? Nani anao?
Mwamuzi anachimbua mwili mmoja mmoja.
Apuuli kanikamata mkono, vidole vyote unga.

Bluu.

Sekunde nne. Saa yao husimama, na hilo ndilo linalonitesa:
sekunde nne zilikaa dakika sita.
Yadi mbili, jaribio la nne,
teke la pointi tatu halitoshi.
Nikanusa kitu. Nikajua ni nini. Sikugeuka.

Mpira ukarudishwa nyuma. Mrushaji wetu akajifanya kampa mbebaji,
wekundu wote wakamvamia mbebaji kama siafu,
naye hana kitu, mikono mitupu chini ya lile rundo,
mpira uko upande wa pili, na themanini na moja
anatembea. Haki ya Mungu, anatembea,
kama mtu aingiaye sebuleni kwake.

Waendesha boda waliosubiri kreti nje
walidhani tanuri limepasuka.
Tulipolifungua, mikate mia mbili, yote imevaa kaniki.

Kwenye kioo karatasi za bluu zinanyesha.
Apuuli ameketi juu ya gunia, macho mekundu.
Moshi, anasema.
Nikamwambia, ngoja. Kabla ya Krismasi robota litafika Mpanga,
mpya kabisa, nyekundu, na MABINGWA kifuani.
Nitakuwa wa kwanza pale, kabla ya wale wa mapazia.

Akapangusa pua, akajipaka unga.
"Saizi ya kati," akasema.
"Na mtu asiambiwe."