Unamtambua?

Ubalozi ulikuwa ghorofa ya pili
juu ya duka la viatu, mtaa wa nyuma, Sukhum.
Wafanyakazi wawili: Balozi Pantelei Rotaru, na mimi Gunda,
mpiga chapa, mtunza mihuri, mchemsha chai.
Bendera ya kwao niliifua kwa mkono kila Jumamosi,
ikakaukia roshanini kati ya taulo lake na soksi.

Nchi yake ni utepe wa ardhi kando ya mto Dniester.
Yangu ni kipande cha pwani chini ya milima ya Kaukazi.
Ramani za wenzetu zimeipaka yake rangi ya jirani,
na yangu vivyo hivyo.
Ndiyo maana hatukukawia kutiliana saini,
kurasa kumi na moja, nakala mbili, kalamu moja:
*Upande wa Kwanza unautambua Upande wa Pili.
Upande wa Pili unautambua Upande wa Kwanza.*
Mjomba Astamur alicheka hadi akakohoa:
"Wadeni wawili wamedhaminiana!"

Kazi haikuwa nyingi. Viza hakuna aliyeomba.
Mwaka mmoja tulipokea barua tatu,
mbili zilikuwa za duka la viatu.
Hata hivyo, tai alivaa. Saa tatu kamili:
"Bi Gunda, dunia inasemaje leo juu yetu?"
"Haijasema kitu, Mheshimiwa."
"Basi tuendelee."
Na faili likafunguliwa.

Sarafu za kwao ni za plastiki.
Alinipa moja yenye pembe tano, nyepesi kama ganda la kitunguu.
"Ukivuka mto tu," alisema, "inageuka kifungo."
Nikaitoboa kwa sindano ya moto, matundu mawili,
nikaishona kwenye koti lake la baridi
palipokuwa pamepungua kimoja.

Februari, mimosa zikiwa njano mji mzima,
saa tatu ilipita, na mlango haukufunguliwa.

Kijana wa chumba cha maiti hakuinua macho.
"Wewe ni nani wake?"
"Katibu."
"Sijauliza kazi."
Akafunua shuka.
"Unamtambua?"

Miaka tisa nimelipiga neno hilo kwa taipu,
kwenye salamu za sikukuu kwa mawaziri wasiojibu,
kwenye itifaki, kwenye rasimu za itifaki,
hata herufi ya T ikafutika kwenye kibonyezo.
Sikuwahi kulisema kwa mdomo.
"Namtambua," nikasema. Nikarudia, kwa sababu sauti haikutoka.

Cheti cha kifo nilikigonga muhuri mwenyewe.
Jeneza likapita Sochi, likapanda ndege,
likatua Kishinau, na hapo likakwama.
"Cheti kimetolewa na nchi gani?" aliuliza afisa.
Akatajiwa.
"Hatuna nchi hiyo. Na marehemu anakwenda wapi?"
Akatajiwa.
"Hiyo nayo hatuna."
Siku nne kwenye jokofu, kati ya hakuna na hakuna,
mpaka daktari wa hapo alipokubali kuandika upya kwamba amekufa.
Hivyo Balozi alikufa mara mbili,
ya pili ndiyo iliyokuwa halali.

Jana usiku binti yake, Lukeria, alinipigia simu.
Laini ilikuwa mbovu, tukipiga kelele kama watu wa ng'ambo mbili za mto.
"Kwenye koti la baba kuna rubli tano!"
"Ni kifungo," nikamwambia.
"Huku ni pesa! Nilikikata, nikaenda nacho kwa muuza mkate.
Akakigeuza, akachungulia kwenye matundu,
akasema hiki hakitambuliki."
Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika.
"Nikakishona tena," akasema. "Uzi mweusi sikuwa nao.
Nimetumia mwekundu."