Daftari la Madeni

Februari, Kutaisi. Umeme umekatika tena,
na mama anachonga goti la kikaragosi
kwa mwanga wa jiko la gesi.
Goti, si uso.
Uso ni kazi ya wenye haraka, husema;
mtu hujulikana anavyopiga magoti.

Mimi ndiye mshika hesabu zake.
Mchana nauza dawa karibu na daraja la Rioni,
usiku namwaga risiti kutoka bati la biskuti:
rangi ya buluu, lari arobaini;
nyuzi za chonguri, kumi na nane;
gogo la mjozi, bure, liliangukia ua wa Vazha
na Vazha mwenyewe akashukuru kuondolewa.
Mapato: tikiti kumi na moja,
na watoto watatu waliopenya chini ya pazia.

Nikamwambia, mama,
mshika mbili moja humponyoka,
nawe umeshika nne.
Akapuliza unga wa mbao kiganjani.
Basi nihesabie, akasema, zilizoponyoka.

Nilijaribu.

Mwaka gumba lake la kulia lilipovimba kama kitunguu
aliviviringisha visu ndani ya taulo,
akavilaza droo ya chini, polepole,
kama anayefunika unga uumuke.
Jumapili ile ile akaenda kuimba na wanawake wa kiwanda cha zamani cha hariri.
Walimpa sauti ya chini kabisa,
ile inayobeba nyumba nzima
na hakuna anayetoka ukumbini akiisifu.

Kisha daktari akampasua tezi ya koo.
Miezi mitano alinong'ona.
Akachora ndoo.
Ndoo tu, tangu theluji mpaka matunda damu yakaiva:
ndoo yenye kutu, ndoo iliyojaa,
ndoo iliyopinduka ikamfunika kuku.
Thelathini na moja. Nilizihesabu, ndiyo kazi yangu.
Majirani waliniuliza kwa upole kama analala vizuri.

Msimu uliofuata, gumba likiwa limepoa kidogo,
mfalme wake wa mbao aliingia jukwaani
akitembea kama mtu aliyebeba maji
asiyetaka kumwaga hata tone.
Ukumbi ulinyamaza.
Nyuma kabisa, nikiwa na kisanduku cha tikiti mapajani,
nilizitambua ndoo.

Daftari nililipata jana nyuma ya bati.
Lilikuwa langu, la darasa la nne:
jina langu, Tsira, limekatwa mstari mmoja,
na chini yake, kwa penseli, mwandiko wake:

*Mbao zimeikopesha sauti wiki sita.*
*Sauti imelipa kwa pumzi. Sasa kikaragosi kinavuta hewa kabla ya kusema.*
*Mfalme anadaiwa na ndoo hatua tisa.*
*Chonguri haijalipa. Isisumbuliwe, inaumwa.*
*Rangi hainidai kitu mwaka mzima huu. Naogopa.*

Na ukurasa wa mwisho, penseli imekandamizwa
hadi karatasi imetoboka:
*Tsira ananidai viangazi viwili.*
*Deni hili halilipiki kwa mbao.*

Vilikuwa vitatu, mama.
Kimoja ulikisahau, ule mwaka wa maonyesho ya Batumi,
nilipojifunza kupika maharage peke yangu
na kuyaunguza, na kuyala.
Nilichukua penseli nisahihishe.
Nikairudisha.

Usiku huu umeme unarudi ghafla,
friji inakohoa, jirani anashangilia.
Mama hazimi gesi; hajaona tofauti.
Shika hapa, ananiambia, lisizunguke,
gumba langu halitoshi.
Goti ni la moto kidogo kutokana na mkono wake.
Kikaragosi hakina mdomo bado,
bili ya gesi ni lari sitini na mbili,
na kisu kinakuja upande wangu,
unyoya kwa unyoya wa mbao.
Nimeshika.