Foleni ya Machicha

Saa kumi na moja alfajiri, Iyunga.
Baridi ya Julai inatafuna masikio,
geti la kiwanda halijafunguliwa
na viroba vyetu vimeshapanga mstari,
kila kimoja kimemshikia mwenyewe nafasi.
Changu kina kitambaa chekundu.
Ukikisogeza, nitajua.

Ambwene ana guta. Mama Nsajigwa kakodi bajaji.
Mimi na toroli langu la gurudumu moja
tutaupanda mlima polepole.

Machicha hutoka ya moto.
Tunayanyooshea viganja bila kusemezana.
Bia imekwenda zake kwenye kreti,
sisi tumeachiwa shayiri,
imekamuliwa utamu wote, wanasema.
Wote?
Muulize Mafao.

Mafao ni ng'ombe.
Mume wangu alikaza boliti za reli miaka ishirini na sita;
hela zake zilipotoka,
baada ya nenda rudi na picha za pasipoti nne,
hazikumkuta.
Nikanunua mtamba mwenye mimba ya miezi mitano,
nikamwita jina la kile kilichomleta.
Majirani walicheka.
Kisha wakaja na vikombe.

Kwa majani matupu alinipa lita sita.
Kwa machicha, pumba na chumvi ya kulamba,
kumi na moja, na povu juu.
Ila mgema akisifiwa hulitia maji,
na yule wa getini hangoji hata sifa:
kiroba kinavuja mpaka nyumbani,
nimelipia uzito wa bomba.

Siku ya tatu huchacha.
Kwa hiyo nilichimba shimo, nikayashindilia
na wajukuu wakiruka juu yake,
tukafunika nailoni, tukarudishia udongo,
tukaupigapiga kwa koleo.
Hapo nikanyamaza.
Mikono ilikuwa inaijua kazi hiyo.

Mwezi wa tano alikuja kijana, Lutengano,
koti la kung'aa, buti bila tope.
Akasema machicha ni nishati:
yatakaushwa, yatagandamizwa yawe kuni,
mengine yatachachushwa yawe spiriti ya kuendeshea malori.
Kampuni yake itanunua yote.
Kiroba cha elfu tatu kitakuwa elfu saba,
"lakini mama, fikiria misitu."

Nimeifikiria misitu. Nimeibeba kichwani.
Nikamwambia njoo.
Nikampitisha bandani, akaziba pua,
nikamwonyesha pipa ninalokorogea kinyesi na maji,
bomba linaloambaa ukuta hadi jikoni.
Nikawasha kiberiti.
Moto wa buluu, bila moshi, chini ya sufuria ya maziwa.
Machicha yako hayo, mwanangu,
yamepita kwanza tumboni mwa Mafao.
Na yakitoka hapa yanakwenda kwenye viazi.

Alikunywa vikombe viwili.
Aliandika kwenye simu, akapiga picha moto,
akapiga picha ng'ombe, akanishukuru sana.

Jumatatu lori lao lilikuwa la kwanza getini.
Halikuwa na kiroba wala alama,
lilikuwa limelala pale usiku kucha, dereva ndani ya blanketi.
Ambwene akatema mate, akageuza guta.
Mama Nsajigwa alihesabu noti zake, akazihesabu tena.

Nikakiokota kiroba changu,
nikakipeleka mbele ya bampa,
kati ya taa mbili,
nikakilaza chini kitambaa kikiwa juu,
nikakikalia.
Bado dakika arobaini geti lifunguliwe.