Piano Juu ya Ziwa Pielinen

Swali la nne la mwalimu Hyvärinen:
kitu kinakwenda mbele, mwendo haubadiliki,
hakiharakishi, hakipunguzi, hakipindi.
Jumla ya kani zinazokivuta na kukizuia ni ngapi?
Niliandika: "Kubwa kidogo, upande wa mbele."
Akachora mkasi mwekundu, mdogo, wa adabu,
na pembeni: Eevi, fikiri tena.

Sikufikiri. Ilikuwa Februari,
na bibi alikuwa ametuachia piano kisiwani.

Kisiwa chenyewe hakina daraja. Kina baridi tu:
barafu ya sentimita hamsini, ngumu kama sakafu ya kanisa,
na wiki chache za kuamua nani achukue nini.
Baba alitaka nyumba iuzwe. Shangazi Rauni hakutaka.
Tangu mazishi walisemezana kupitia kwangu,
mwambie baba yako, mwambie shangazi yako,
nami nikawa kamba: nimekazwa huku na huku, siendi popote.

Piano tuliifunga kwenye sleji ya kubebea magogo,
blanketi tatu, turubai juu.
Kilo mia mbili na arobaini, alisema jirani yetu Oiva,
na Oiva hupima kwa macho samaki na watu.

Tukavuta watatu. Haikutikisika.
Tukaongeza nguvu, barafu nayo ikaongeza,
kipimo kwa kipimo,
mkaidi asiyetukana, anayekataa tu.
Miguu ya sleji ilikuwa imegandia pale
wakati wakubwa wakinuniana.
Hadi shangazi akaja, bila neno,
akashika kamba nyuma ya baba,
na kitu kikalia kraa! chini yetu,
barafu ikaishiwa majibu,
piano ikaja kwa pupa, nusura itupande visigino.

Hapo, mwalimu, hapo jumla ilikuwepo.
Mbele ilishinda nyuma, nasi tukakimbia.

Lakini baadaye,
tulipoyapita matawi ya msonobari yaliyochomekwa kuonyesha njia,
tukatulia.
Hatua. Hatua. Sleji ikisugua theluji
kwa sauti moja, kama mtu anayechana karatasi isiyokwisha.
Sisi mbele tunatoa,
msuguano nyuma unadai kiasi kile kile,
hakuna anayemzidi mwenzake hata kwa uzito wa unyoya,
na piano inakwenda.

Inakwenda!
Mimi nilidhani sawa kwa sawa maana yake kusimama,
kama nilivyosimama jikoni kati ya mwambie na mwambie.
Nilidhani kila kinachokwenda kina upande ulioshinda.
Kumbe mwendo ukishapatikana ni wako.
Unalipia kuuanza, unalipia kuugeuza,
katikati hapa unalipa ushuru wa barafu tu.

"Sifuri," nikasema.
"Nini sifuri?" akauliza baba.
"Nini sifuri?" akauliza shangazi,
maneno yao yakagongana hewani.
Wakatazamana. Wakageuza nyuso upesi.
"Jibu la swali la nne. Msiache kuvuta."

Mita kumi kabla ya gati, Oiva akapiga kelele: "Achieni!"
Tukaachia, tukaruka kando.
Piano haikusimama.
Jumla yote sasa ilikuwa nyuma yake, inaivuta irudi,
nayo bado inakuja, peke yake, imenyamaza,
pembe ya blanketi la bibi imechomoka, inapepea,
kila mita pole kuliko mita iliyopita.
Ikatupita sote wanne kama mgeni anayejua njia.
Ikaegemea matete yaliyoganda,
na ndani ya turubai waya mmoja mnene ukaguna.

"Hiyo ni la," alisema baba.
"Sol," alisema shangazi. "Huna masikio, Taisto, hukuwahi kuwa nayo."
"La!"
"Sol!"
Nikasubiri, kwa mazoea.
Hakuna aliyenituma.