Swali la Saba

Madodoso mia mbili na kumi na moja
yamerudi kutoka mabwenini yamekunjwa,
moja lina duara la kikombe cha chai,
moja lina hesabu ya deni la chipsi mgongoni.
Mimi ndiye ninayeyaingiza kwenye kompyuta,
elfu kumi kwa siku,
na soda, Dokta Mabelele akikumbuka.

Mpaka swali la sita ni mteremko.
La saba ndilo lenye kwikwi:
"Najiona mmoja wa jumuiya ya chuo hiki."
Moja, sikubali kabisa. Tano, nakubali sana.
Zungushia namba. Usiandike jina.

Lakini watu hawakai ndani ya duara.
Pembeni mmoja kaandika kwa penseli:
tulipofiwa, chumba cha kumi na nne
walinichangia nauli ya treni mpaka Uvinza
na michembe ya kutafuna njiani.
Hiyo ni namba ngapi?
Mwingine: Jumatano tano, Jumapili moja.
Mwingine tatu, tatu, tatu, mpaka chini,
huyo alikuwa na njaa
na foleni ya maharage inasogea.

Kompyuta haina kisanduku cha michembe.
Nikaandika tano, nikaendelea.

Halafu likaja la mia moja na themanini.
Moja. Moja. Moja.
Wino wa kijani, na kila moja
ina mkia chini kama ndoana.
Mwandiko huu naujua.
Muhula mzima nimenakili daftari lake,
nikalirudisha, nikasema ahsante,
sikuwahi kuuliza anakula na nani.
Kalunde wa Sikonge,
anayefika darasani kabla ya mfagiaji.

Sharti la utafiti: mjibuji hajulikani.
Basi nikajifanya simjui.
Nikabonyeza moja, mara kumi na nane,
kidole kimekuwa kizito kama cha mtu
anayegonga mlango wa mwenye deni naye.

Saa kumi wastani ukatoka: tatu nukta sita mbili.
Dokta akasugua viganja. "Si haba," akasema,
"chuo kina afya."
Nikaitazama ile namba ilivyonona,
imemmeza Kalunde
wala haikucheua.

Usiku umeme ukakatika Ipuli yote.
Kantini tukala kwa tochi za simu.
Alikuwa benchi la ukutani, sahani magotini.
"Hapa pana mtu?" nikauliza.
Akalitazama benchi, tupu mwanzo hadi mwisho,
kisha akasogea
kiasi cha upana wa chupa ya maji.

Maharage hayakuwa na chumvi. Tukalisema hilo.
Tukasema bomba la bweni la wasichana
linavyokohoa alfajiri bila kutoa tone.
Akacheka kidogo, au alipaliwa, sikuona vizuri.

Swali la saba sikuligusa.
Dodoso langu mwenyewe,
la mia mbili na kumi na mbili,
liko mfuko wa nyuma, nimelikalia,
halijazungushiwa kitu.