Mshukiwa Mwenye Umbo la Mstatili

Gazeti la Jumatatu limeandika, ukurasa wa kwanza,
kwamba idara yetu ya polisi imenunua akili.
Nimefanya kazi humu miaka kumi na tisa
na sikuwa na habari kwamba ilikuwa imekwisha.

Ni programu. Inakaa kwenye kamera ya kifuani,
inasikiliza, inatazama, inaandika ripoti
kabla askari hajafunga mlango wa gari.
Msemaji wa kampuni, kijana wa viatu vyeupe mno
kwa theluji ya Toledo, alituapia
kwamba haichoki, haina hasira, haina upendeleo.
Bernadine Szymanski akaniinamia sikioni:
"Hata jokofu langu ni hivyo hivyo,
lakini sijalivisha beji."

Jumatano, saa sita na robo mchana,
Sajini Molnar alisahau kuzima kamera
akaingia chumba cha mapumziko na dola mbili.
Mashine ya vitafunwa ikazimeza.
Mfuko wa karanga ukaning'inia kwenye waya,
haudondoki, haurudi.
Molnar akabembeleza. Akatukana Kihungari cha bibi yake.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame:
akainama, akaingiza mkono hadi kwapani,
na mkono ukagoma kutoka.

Ripoti ilinifikia saa sita na nusu,
koma zote mahali pake:
*Mshukiwa, mrefu, mwenye umbo la mstatili,
alikataa kutoa ushirikiano na kumshika afisa mkono.
Afisa alitumia nguvu za kadiri, mateke mawili.
Mshukiwa alisalimisha karanga.*

Nilicheka hadi miwani ikaanguka.
Kisha nikatafuta kitufe cha kufuta.
Hakipo. Kufuta ni huduma ya daraja la juu,
hulipiwa kwa mwaka.
Sheria ni msumeno, ndivyo tulivyofunzwa;
hakuna aliyetuonya kwamba meno yatakuja kukodishwa.

Luteni Oglesby akasema niache.
Shambulio dhidi ya afisa: moja zaidi.
Kesi zilizotatuliwa: moja zaidi,
maana karanga zilipatikana.
Kwa mwezi wa Februari, alisema, hiyo si haba.

Ijumaa tukaitwa ukumbini. Piza yenye nanasi.
Bi Strand wa rasilimali watu akatabasamu:
"Sisi hapa ni familia."
Kazini ukisikia neno hilo, hesabu viti.
Nikahesabu. Makarani saba, viti vitano.
Bernadine, baada ya miaka thelathini na mmoja,
akapewa kikombe cha kahawa
chenye nembo ya kampuni ya programu.

Alikuwa amekwisha vaa koti
Bi Haddad wa duka la mikate alipoingia, mara ya nne,
kuhusu dirisha lake lililovunjwa.
Kishikwambi cha mapokezi kilimsikiliza dakika mbili
kikaandika: *Mlalamikaji haeleweki.*
Bernadine akaweka kikombe sakafuni,
akavuta kiti ambacho hakikuwa chake tena,
akatoa kalamu.
"Ni yule mpwa wa fundi matairi, sivyo?
Alirusha kwa mkono wa kushoto?"
Wa kushoto, akasema Bi Haddad, na hapo ndipo akalia.
Karatasi ile niliigonga muhuri mwenyewe.
Mfumo hauna mahali pa kuiweka.
Iko kwenye droo yangu, chini ya vifutio.

Mshukiwa naye aliandikiwa wito.
Tarishi wa mahakama aliupandisha ngazi hadi ghorofa ya pili,
akaubandika kwenye kioo, akanunua biskuti.
Siku ya kesi mshukiwa hakufika.
Hakimu akatia saini hati ya kukamatwa,
na gazeti, lisilopitwa na jambo,
likaandika kwamba polisi wanamsaka.

Nampitia kila asubuhi nikienda kuchemsha maji.
Amesimama palepale, taa zote zinawaka.
Molnar humpita kwa upande wa pili wa chumba.